Kambi ya Mtoni na Kinga ya Zamani

Kila likizo ya kiangazi naziona hapa Johannesburg familia zetu za Muscat na Dubai zikipita kuelekea mbuga ya Kruger, kulala kwenye kambi za kando ya mto. Nawaunga mkono. Julai na Agosti huku ni baridi na ukavu: madimbwi yanakauka, tembo na nyati wanateremka Mto Sabie kunywa maji, nawe unawatazama ukiwa barazani. Mtoto aliyelelewa ghorofani hasahau.

Lakini jamani, Kruger ni eneo la malaria. Baridi huwapunguza mbu, haiwamalizi. Linalonitia hofu ni lile neno letu: "Mimi nimekulia Unguja, malaria nimeizoea." Kinga hiyo hupungua mtu akikaa mbali miaka mingi, na mtoto aliyezaliwa Ghuba hana hata kidogo.

Basi muoneni daktari mapema, mjue dawa ipi ya kujikinga inamfaa nani. Jioni vaeni mikono mirefu. Mwenye mimba au mtoto mchanga, bora Pilanesberg: ni karibu zaidi na Johannesburg, simba na tembo wapo, malaria hakuna. Badala ya mto mtakuta bwawa la Mankwe.

Na mkisharudi, homa ikimshika mtu hata baada ya wiki kadhaa, msiseme mafua tu. Daktari hawezi kubahatisha mlikotoka. Mwambieni siku hiyohiyo: tulilala porini Afrika Kusini, tupimie malaria.