Figo Zikishindwa, Usingizi Nao Huwa Taabu

Kaka yangu anaishi Kangemi. Kila Jumatatu na Alhamisi hupanda matatu alfajiri kuelekea katikati ya jiji la Nairobi, akasafishwe damu kwa mashine, kwani figo zake zimeshindwa kazi. Kabla ya kufika Westlands huwa amekwisha kusinzia, kichwa kikigonga dirisha. Abiria hucheka. Mimi pia niliwahi kucheka, nikidhani ni uchovu tu wa maradhi.

Shemeji yangu ndiye aliyenitoa ujingani. Alinieleza kwamba usiku mumewe hukoroma hadi majirani wa upande wa pili wa mabati hulalamika. Kisha ghafla mkoromo hukatika, kimya kikatanda, naye huhesabu kimoyomoyo hadi ishirini au thelathini kabla mumewe hajashtuka na kuvuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini. Alipoyasimulia hayo katika kliniki fulani, aliambiwa kukoroma si ugonjwa, na mgonjwa akaandikiwa vidonge vya usingizi. Maajabu ya Musa! Vidonge vya aina hiyo vyaweza kuilegeza zaidi misuli ya koo na kumchelewesha mtu kuzinduka pumzi inapokatika.

Madaktari huiita hali hiyo apnea ya usingizi. Pumzi hukoma kwa sekunde kumi au zaidi, tena na tena usiku kucha, na ubongo hulazimika kumzindua mtu bila yeye kujua. Yaweza kumpata yeyote, hasa mnene, lakini huwaandama zaidi wanaosafishwa damu. Sababu moja ni maji. Figo zisipotoa mkojo wa kutosha, maji hujilimbikiza mwilini na mchana hushukia miguuni. Mgonjwa alalapo, hupanda hadi shingoni yakaubana mkondo wa hewa. Sumu iliyosalia katika damu nayo huvuruga sehemu za ubongo zinazoongoza kupumua. Shinikizo la damu hupanda na moyo ukachoka, ilhali maradhi ya moyo ndiyo yanayowaua wengi wa wagonjwa hawa.

Sasa na tuitazame hesabu. Bima ya NHIF ilikuwa ikilipia vipindi viwili kwa juma, Sh9,500 kila kimoja, kabla ya nafasi yake kuchukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, mnamo Oktoba 2024. Mazoea ya vipindi viwili yalikita mizizi enzi hiyo, ingawa katika nchi nyingi kipimo cha kawaida ni vitatu. Vipindi viwili vya saa nne ni saa nane. Juma lina saa 168. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili kaka yangu hukaa na maji yake. Shemeji hahitaji daktari amwambie kwamba usiku wa Jumapili ndio mbaya kuliko wote.

Mwaka 2001 watafiti wa Toronto, Kanada, walichapisha habari za wagonjwa 14. Waliposafishwa mara tatu kwa juma, pumzi zao zilikatika au kupungua mara 25 kwa saa, kwa wastani. Walipohamishiwa usafishaji wa usiku, wakiwa wamelala nyumbani, saa nane hadi kumi, usiku sita au saba kwa juma, wastani ukashuka hadi 8. Ni watu wachache, nakubali, wala sidai mashine zigawiwe Kangemi nyumba kwa nyumba. Maji yenyewe ya mfereji huko huja kwa zamu. Lakini kipindi cha tatu si anasa kwa mtu ambaye pumzi yake hukatika, na bima ingepaswa kukihesabu hivyo.

Ipo pia mashine ya kusukuma hewa kooni kupitia barakoa, aliyoianzisha daktari Colin Sullivan wa Australia mwaka 1981. Huhitaji umeme usiokatika na fedha ambazo kaka yangu hana. Swali moja, hata hivyo, halina gharama: muuguzi anapompima mgonjwa uzito kabla ya kumfunga kwenye mashine, amwulize anayelala naye husikia nini usiku.

Kwa sasa shemeji amejifunza kumlaza mumewe ubavu na kumwinua kichwa kwa mito miwili. Husaidia kidogo. Yeye mwenyewe hulala saa ngapi, sijathubutu kumwuliza.