Mbwa Mchungaji: Umbo Lake, Mwendo Wake, Tabia Yake

Mzazi mmoja alitujia jioni akiwa na hasira nyingi. Alitaka tumwandikie barua ya kuomba mbwa wa jirani yake auawe. Watoto wetu walikuwa wakirudi nyumbani kutoka shuleni, wakikimbia na kupiga kelele kama ilivyo desturi yao. Mbwa huyo akakata kamba, akawazunguka mara mbili, akawasukuma wote hadi ukutani. Mvulana mmoja alipojaribu kuponyoka, mbwa akamwuma kisigino. Ni mbwa wa aina iitwayo Malinois, naye alinunuliwa kulinda duka.

Kabla ya kushika kalamu tuliuliza neno moja: aliuma akashikilia, au aliuma akaachia? Mvulana mwenyewe akajibu: «Aliachia, Mwalimu, akarudi kutuzunguka.» Basi tukaiweka kalamu mezani.

Mbwa huyu si mnyama wa maduka kwa asili yake. Ni mchungaji wa kondoo wa Ubelgiji. Tarehe 15 Novemba 1891, Profesa Adolphe Reul wa shule ya waganga wa wanyama huko Cureghem, karibu na Bruxelles, aliwakusanya mbwa wachungaji 117 ili awachunguze. Akaona ya kuwa miili yao ni ya namna moja, bali manyoya ni mbalimbali: marefu, mafupi, na magumu yaliyovurugika. Baadaye wakapewa majina ya mahali: Groenendael ndiye mweusi mwenye manyoya marefu, Tervueren naye ana manyoya marefu, lakini rangi yake yafanana na ya simba, Laekenois ana yale magumu, na Malinois, yaani wa mji wa Mechelen, ana manyoya mafupi na uso mweusi. (Jina la Tervuren si geni kwa Wakongomani: huko ndiko liliko jumba la makumbusho lenye vitu vingi vya mababu zetu.)

Wafugaji wakagombana miaka mingi juu ya rangi, hata mbwa hodari wakatengwa kwa kuwa hawakuwa na rangi iliyotakiwa. Sisi twaona ule ulikuwa upuuzi, kwa maana kondoo hatazami rangi ya anayemfukuza. Louis Huyghebaert wa Mechelen alishikilia kwamba mbwa apimwe kwa kazi, na mwaka 1903 mashindano ya mbwa waliofundishwa yakafanyika katika mji huo.

Sasa tulitazame umbo. Dume ana kimo cha sentimita 62 hivi toka mabegani hadi chini, na uzito wa kilo 25 hadi 30. Mbwa mrefu namna hiyo ana uzito wa nusu mfuko wa saruji tu, au zaidi kidogo! Ukimpima toka kifuani hadi matakoni, utapata urefu ule ule wa kimo chake. Mwili wake ni wa mraba. Mwili mfupi hugeuka upesi, na mifupa myepesi haichoshi mapema. Masikio yamesimama wima kama pembe tatu, wala hayatulii.

Lakini kinachomtambulisha hasa ni mwendo. Hatembei kivivu wala hatimui mbio bila sababu. Mwendo wake ni mchakamchaka usiokwisha. Akiongeza kasi, nyayo zake za kulia na za kushoto husogeleana chini ya mwili, hata karibu zikanyage mstari mmoja. Tena hapendi kwenda moja kwa moja, hupinda. Mtoto yeyote aliyechunga mbuzi ataelewa kwa nini. Ukimjia mbuzi nyuma ya bega, husonga mbele. Ukimjia mbele ya bega, hugeuka. Ukilikimbilia kundi katikati, umelitawanya, na jioni utafokewa na baba. Mbwa anayekwenda kwa kuzunguka huwaleta wanyama pamoja.

Katika nchi tambarare za Ulaya, kondoo walilishwa kando ya mashamba yasiyo na ua, na mbwa ndiye aliyekuwa ua. Kutwa nzima alikwenda na kurudi mpakani, na kondoo aliyenyosha shingo kwenye ngano alibanwa kwa meno, kisha akaachiwa. Mbwa mwitu hukazia macho, hunyemelea, hufukuza, huuma, huua. Wachungaji, kwa kuchagua wazazi wa watoto wa mbwa kizazi baada ya kizazi, wamepunguza yale mawili ya mwisho na kuyaacha ya kwanza yakiwa na nguvu. Kule mpakani mwa Uskoti na Uingereza wamekuza jicho: mbwa wao aitwaye Border Collie huinama chini, akawakazia kondoo macho mpaka wakatii. Malinois yeye husimama wima, naye ni mwepesi wa meno. Ndiyo sababu polisi wa mji wa Gent walianza kuwatumia mbwa wachungaji wa Ubelgiji mwaka 1899, kondoo walipokuwa wamepungua nchini.

Mbwa wa namna hii, umfunge mnyororo toka asubuhi hadi usiku mahali ambapo mbele yake hupita watoto wanaokimbia, unategemea nini? Mwenye duka alinunua miguu ya kwenda kutwa nzima, akaipa mita mbili.

Hata hivyo jino ni jino. Tulimpeleka mvulana kwenye bomba, tukaosha jeraha kwa maji na sabuni muda wa dakika kumi na tano, ndipo tukaenda zahanati, kwa maana kichaa cha mbwa hakina huruma. Mbwa alikuwa na karatasi ya chanjo. Mwuguzi akaagiza asiuawe, bali afungiwe na kutazamwa siku kumi. Mzazi akakubali kwa shingo upande.

Siku ya kumi na moja mbwa alikuwa mzima, akila vizuri. Mwenye duka ameanza kutembea naye alfajiri hadi mtoni na kurudi, naye hulalamika kwamba miguu yamwuma. Barua hatujaiandika, na mzazi bado hajasema kwamba haitaki tena.