Kompyuta zimefika, wakutubi je?

Mhariri,

Nataka kuzungumzia mafunzo ya wakutubi wetu.

Mwezi uliopita niliingia maktaba moja ya wilaya kutafuta kitabu cha ufugaji wa nyuki. Kompyuta nne zilikuwa mezani, zimefunikwa vitambaa. Mama mkutubi, mkarimu kweli, alinipeleka kwenye kabati la kadi. "Zililetwa, mwanangu," alisema, "lakini aliyetufundisha alikaa siku moja tu."

Simlaumu mama huyo. Tunacho Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka kule Bagamoyo, lakini aliyehitimu miaka 20 iliyopita anasaidiwaje leo? Kwa wakutubi wengi, mafunzo yaliishia siku ya mahafali.

Bei ya programu nayo si kisingizio. Koha, programu huria ya kuorodhesha na kuazimisha vitabu iliyobuniwa New Zealand, haina ada ya leseni. Anayekosekana ni mtu anayejua kuingiza taarifa za vitabu, kuhifadhi nakala za kumbukumbu na kumwelekeza mwanafunzi kwenye majarida ya bure mtandaoni.

Napendekeza kila bajeti ya kununua kompyuta itenge fungu la mafunzo. Yafanyike hapohapo maktabani, kwa kutumia vitabu vilivyomo rafuni, na baada ya miezi mitatu mkufunzi arudi kuona wakutubi walipokwama.

Elimu haina mwisho, tunawaambia wasomaji kila siku. Na wakutubi ni wasomaji pia.

Msomaji wako,
Morogoro.