Shule yenye uwanja mmoja au miwili inunue mashine ya betri

Kila mwaka bajeti za shule zinapopangwa, kuna mstari mmoja unaopitishwa bila mjadala: mashine ya kukatia majani na mafuta yake. Mhasibu anapokea bei za wauzaji watatu, anachukua iliyo chini, na kwa kuwa iliyo chini karibu siku zote ni ya petroli, mambo yanaishia hapo. Mimi nasimamia viwanja na bustani za shule ya bweni mkoani Kilimanjaro. Uamuzi huo wa dakika tano ndio ninaofanya nao kazi tangu mvua za kwanza hadi za mwisho. Nasema bila kuzunguka: shule, parokia, chuo au hoteli yenye eneo la kiwanja kimoja au viwili vya mpira, na yenye umeme usiokatika ovyo, inunue mashine ya betri.

Nazungumzia mashine ya kukalia, ile ambayo dereva anaketi na visu vinazunguka chini ya bodi. Ya kusukuma kwa mikono ni habari nyingine, na fyekeo ni habari nyingine kabisa, ingawa zipo shule ambazo hadi leo zinawategemea wanafunzi wenye adhabu ili uwanja usigeuke pori.

Kiwanja cha mpira cha mita 105 kwa 68 kina mita za mraba 7,140, yaani ekari moja na robo tatu hivi. Mashine ya kukalia yenye upana wa inchi 42, dereva akiiendesha kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka na kila mstari ukiugusa kidogo ule wa jirani, inamaliza kiwanja hicho kwa saa moja na robo mpaka moja na nusu. Injini ya petroli ya ukubwa huo hunywa lita tatu hadi nne kwa saa. Tuseme lita tano kwa kiwanja. Bei ya petroli nchini, ambayo EWURA huitangaza kila mwezi, kwa miaka ya karibuni imekuwa ikipanda na kushuka jirani na shilingi 3,000 kwa lita. Hiyo ni shilingi 15,000 kwa mkato mmoja.

Mashine ya betri ya lithiamu yenye upana uleule hutumia yuniti mbili au tatu kwa eneo hilo. Niongeze kinachopotea wakati wa kuchaji na majani mazito ya masika, nifike yuniti nne. Kwa shilingi kama 350 kwa yuniti, pamoja na kodi zilizomo kwenye LUKU, mkato unagharimu shilingi 1,400. Ukikata mara 40 kwa mwaka, tofauti inapita nusu milioni kwa kiwanja kimoja, na kwa viwili inapita milioni moja. Hapo sijagusa oili inayotakiwa kubadilishwa kila baada ya saa 50 au 100 za kazi, filta, plagi, wala kabureta inayoziba kwa sababu petroli iliachwa ndani likizo nzima ikachacha na kuacha utando kama gundi.

Wala sijagusa dumu. Kila anayesimamia stoo ya mafuta anajua ninachosema. Petroli ya mashine ya majani ndiyo hiyohiyo ya pikipiki, na lita moja ikichotwa hapa na nyingine pale, hakuna daftari litakalozionyesha. Nimeona watu waaminifu wakitiliwa shaka na kazi zikiharibika kwa ajili ya dumu la lita 20. Umeme hauchoteki na kidumu, na mita haina upendeleo kwa mtu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko fedha. Mitihani ya kidato cha sita hufanyika Mei, masika yakiwa bado yapo. Ya kidato cha nne hufanyika Novemba, vuli ikiwa imeshika. Yaani majani yanakua kwa kasi kuliko wakati wowote katika wiki zilezile ambazo shule inatakiwa iwe kimya. Sisi tunazima mashine asubuhi kabla watahiniwa hawajaingia, na hatuiwashi mpaka karatasi zikusanywe. Jioni mvua inanyesha. Kesho yake ni hivyohivyo. Mitihani ikiisha, ukoka uko juu ya kifundo cha mguu, umelala na umelowa.

Anayefikiri hilo ni suala la sura ya uwanja tu, aje aangalie siku tunayorudi kukata. Kanuni ya kutunza majani ni kwamba usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mkato mmoja. Ukiondoa zaidi, mizizi inadhoofika na jua likiwaka unabaki na mabaka ya udongo. Sisi tunalazimika kuondoa nusu. Injini inakoroma, mkanda unateleza, majani mabichi yanagandamana chini ya bodi mpaka hayatoki tena. Dereva anazima, anachomoa waya wa plagi, anapiga magoti na kuyakwangua kwa kipande cha ubao. Rangi ya kijani inamfika viwikoni. Anawasha tena, na baada ya mistari michache inambidi arudie. Nyuma yake yanabaki mabonge ya majani yaliyokatwa, na kila bonge lisipokusanywa siku hiyo huacha doa la njano chini yake.

Mashine ya betri nayo ina sauti. Visu vinavuma, na mtu aliye karibu atavisikia. Lakini mngurumo wa injini, ule unaopenya madirisha ya madarasa hata ukiwa mbali, haupo. Kiwanja kilicho mbali na chumba cha mtihani kinaweza kukatwa mchana, mkato mdogo mdogo kwa wakati wake, na majani yakabaki na afya. Kwa shule, hilo peke yake lingetosha kunishawishi.

Kisha kuna masikio ya dereva. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri mfanyakazi asikae kwenye kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa nane, na kila desibeli tatu zinapoongezeka muda huo unakatwa nusu: desibeli 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja. Mashine nyingi za petroli za kukalia zinamfikishia dereva kelele inayozidi desibeli 85, na wengi wa madereva wetu hawana kizuia sauti chochote zaidi ya kofia. Dereva wetu ni mtu makini, anaipenda kazi yake, na ukimwita kutoka hatua chache nyuma yake, mashine ikiwa imezimwa, hageuki. Mke wake anasema redio ya nyumbani inasikika mpaka kwa majirani. Usikivu ukishaharibiwa na kelele haurudi, na hakuna mstari wa bajeti unaoonyesha gharama hiyo.

Moshi nao si mdogo. Injini hizi hazina vichujio vya moshi kama vya gari la kisasa. Mamlaka ya hewa ya jimbo la California, CARB, imekadiria kwamba kukata majani kwa saa moja kwa mashine ya petroli kunatoa uchafuzi unaotengeneza ukungu wa moshi sawa na kuendesha gari dogo jipya maili 300, karibu kilomita 480. Jimbo hilo lilipitisha sheria mwaka 2021, na kuanzia modeli za mwaka 2024 injini ndogo nyingi mpya zinazouzwa huko zinatakiwa zisitoe moshi kabisa. Nina hofu kwamba soko likifungwa kule, mashine za petroli zilizochoka zitazidi kuja kwetu kwenye makontena zikiitwa msaada. Tusizipokee kwa furaha kupita kiasi.

Yupo atakayesema hii ni teknolojia ya majaribio. Kampuni ya General Electric ilianza kuuza trekta dogo la umeme la bustani, Elec-Trak, mwaka 1969, na wapo watu Marekani wanaoyatunza matrekta hayo hadi leo. Kilichokuwa kikwazo ni betri za asidi na risasi. Ni nzito, zinataka kuongezwa maji, na ukizimaliza chaji kabisa mara kwa mara zinakufa mapema. Na bado zinauzwa. Muuzaji akikuambia mashine yake ni ya betri na bei ni nafuu sana, muulize ni betri ya aina gani. Ikiwa ni ya asidi, achana naye. Uzito ule juu ya uwanja uliolowa unashindilia udongo, maji yanatuama, na mwishowe wachezaji wanateleza kwenye tope ulilolitengeneza mwenyewe. Chukua lithiamu, na ukipata ile ya fosfeti ya chuma ni bora zaidi, kwa kuwa huvumilia kuchajiwa mara 2,000 au zaidi, na haishiki moto kirahisi kama aina nyingine za lithiamu.

Petroli bado ina mahali pake, na sitaki kumdanganya mtu. Uwanja wa gofu, shamba kubwa la maua, uwanja wa ndege, shule yenye viwanja vinne na miteremko: huko injini inashinda. Dumu linajaza tangi kwa dakika tano; betri inataka saa kadhaa kwenye soketi. Majani yakiwa marefu na yamelowa, ekari mbili zilizoandikwa kwenye kijitabu cha mtengenezaji zinakuwa moja na ushee. Umeme nao, tunaikumbuka sote hali ya mgao ya mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere haijaanza kuingia kwenye gridi mmoja baada ya mwingine. Hali ni nzuri zaidi sasa, ila aliye mwisho wa laini kijijini anajua siku zake. Huyo ama aweke sola ya kutosha juu ya paa la stoo, ama abaki na injini yake kwa sasa.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote ni fundi. Kabureta inafunguliwa na kijana yeyote anayetengeneza pikipiki chini ya mwembe. Kadi ya umeme inayoendesha mota ikiungua, kijana yuleyule atakutazama tu. Hoteli moja jirani yetu ilinunua mashine nzuri ya betri, kadi ikafa, na mashine ikakaa stoo masika yote ikisubiri spea kutoka nje huku bustani ikifyekwa kwa mikono. Nimewasikia watu wakiutumia mfano huo kuipinga betri. Mimi nauona ni mfano wa kununua bila kumbana muuzaji. Vijana wanaotengeneza bajaji na pikipiki za umeme Dar es Salaam wanashughulika na mota, chaja na kadi za jamii hiyohiyo, na ujuzi huo utafika mikoani kadiri kazi itakavyokuwepo.

Bei ya kununulia haina ubishi. Ya betri kwa kawaida ni mara mbili ya trekta la petroli la kiwango cha chini, wakati mwingine zaidi. Kwa hesabu niliyoitoa, shule yenye viwanja viwili inarudisha nyongeza hiyo kwa miaka kama mitano, pungufu kidogo ikiwa petroli itapanda. Mwenye bustani ya robo ekari hairudishi kamwe, na hahitaji mashine ya kukalia hata kidogo.

Neno kwa ndugu zetu walioko Marekani wanaotaka kuzitumia shule walizosoma zawadi ya mashine. Chaja ya kule imetengenezwa kwa umeme wa volti 120. Ukiichomeka kwenye soketi yetu ya volti 230 bila kuhakikisha kwamba inakubali, inaungua papo hapo. Betri ya lithiamu inahesabiwa kuwa mzigo wa hatari melini, ina masharti na karatasi zake, na betri iliyotumika hata ikifika hakuna anayejua imebakiza nguvu kiasi gani. Kama nia ni kusaidia, tumeni fedha, shule inunue hapa kwa muuzaji atakayewajibika.

Wakuu wa shule na wahasibu, bajeti ijayo ikifika mezani, mwiteni dereva wa mashine aketi nanyi, maana yeye ndiye anayejua majani ya Mei yakoje. Muuzaji aje na mashine uwanjani, aikatishe kiwanja kizima mbele yenu majani yakiwa yamelowa, na mita ya umeme isomwe kabla na baada ya kuchaji. Aandike kwenye mkataba dhamana ya betri ni miaka mingapi, betri ya kubadilisha inauzwa shilingi ngapi, kadi ya akiba iko ghala gani, na fundi wake anafika shuleni ndani ya siku ngapi. Stoo ya kuiegesha iwe na kivuli na hewa, isiwe kibanda cha bati kinachochemka mchana, kwa sababu joto linaila betri kuliko kazi. Muuzaji akishindwa kuandika hayo, msinunue kwake, hata kama bei yake ndiyo ya chini kuliko zote.