Bakshishi isigeuzwe mshahara

Mjini Singida, katika barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Mwanza, abiria wa mabasi hula kuku wa kienyeji kwa haraka: hulipa kaunta, hubeba sahani wenyewe, hula na kuondoka. Je, wawajibike kuacha bakshishi? Desturi haiwalazimishi, kwani hakuna aliyewahudumia mezani. Anayependa kuacha chenji, hiyo ni hisani yake.

Hata hivyo, hisani hiyo humfikia mpokea fedha. Mpishi na muosha vyombo mteja hawaoni. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inampa Waziri mamlaka ya kutangaza kima cha chini cha mshahara kisekta. Kukilipa ni wajibu wa mwajiri. Ukarimu wa msafiri usitumiwe kuukwepa.