Mrudishieni Chura Maneno Yake

Hebu tuache huu mchezo wa kukata maandishi. Kuna chura wa wino, amekaa kitako, mdomo umepanuka kama anayezuia kicheko. Mtu anafuta maneno yaliyo kando, anabakisha mnyama, kisha anamuuza kama bango la "utulivu wa Kijapani". Tunamtundika juu ya kochi na kusema, waah, safi.

Safi nini, jameni? Chura huyo ni wa Sengai Gibon, mtawa wa Zen aliyezaliwa 1750 na kufariki 1837, aliyewahi kuwa mkuu wa hekalu la Shofukuji kule Hakata. Watawa wa Zen hutumia saa nyingi wakiketi kimya na kutafakari. Sasa maneno ya Sengai yanatilia shaka wazo kwamba kuketi pekee kunaweza kumfanya mtu Buddha. Hayamalizi hoja. Chura ndiye anayeimalizia, maana yeye huketi vivyo hivyo maisha yake yote, na bado ni chura.

Yaani mkuu wa hekalu anawatania watu wa hekalu! Ukitoa maneno, unabaki na tangazo la kile kile alichokuwa anakicheka. Huhitaji kupiga kejeli marufuku. Ifanye pambo tu, itakufa yenyewe.

Wajapani wana jina la kazi kama hii: gasan, mchoro na maandishi yanayotegemeana kwenye gombo moja la kutundika. Na gombo lenyewe halisahauliki ukutani. Kwa desturi, hutundikwa kwa msimu wake au kwa ajili ya mgeni, kisha huviringishwa na kurudishwa sandukuni. Ni kitu cha kusomwa.

Mtasema, "Lakini sisi hatujui Kijapani." Sawa. Hata Wajapani wengi leo hawawezi kuusoma mwandiko ule wa zamani. Makumbusho huwaandikia upya kwa herufi za kisasa. Kutojua kusoma si kosa. Kosa ni kuamua kwamba usichokisoma hakina maana. Nani hununua kanga bila kutazama jina lake? Maua ni mazuri, ndiyo, lakini jina ndilo litakalokugombanisha na jirani.

Kwa hivyo ukiletewa chura, uliza maneno yake yako wapi na yanasema nini. Muuzaji akibabaika, mwachie karatasi yake.