Msimamizi, Nokoa na Kadamu: Majibu kwa Madai Matano Kuhusu Menejimenti

Katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, karne ya 19, kazi ilikuwa na ngazi zake. Juu alikaa msimamizi, mtu wa mwenye shamba. Chini yake alikuwapo nokoa, na chini ya nokoa, kadamu. Hawa wawili kwa kawaida walikuwa watumwa waliopewa mamlaka juu ya watumwa wenzao. Mahali pa kulima palipimwa kwa kamba, kila mtu akapewa ngwe yake. Leo tunazungumzia ngwe ya kwanza na ngwe ya pili ya mashindano, na kamba ile tumeisahau. Neno msimamizi nalo limehamia ofisini na kwenye vyumba vya mitihani.

Naanza na maneno haya kwa sababu mwanafunzi wa menejimenti katika vyuo vyetu anaweza kumaliza miaka mitatu asiyasikie hata mara moja. Atakuwa amekariri majina ya Wamarekani na Wafaransa, na tarehe za vitabu vyao. Atakuwa hajaulizwa jinsi watu wa kwao walivyopanga kazi, kwa hiari au kwa kulazimishwa.

Menejimenti inastahili kiti chake chuoni, nami nitaitetea. Lakini inastahili kama elimu inayochunguza namna watu wanavyofanya kazi pamoja: nani huamua, nani hubeba mzigo, na mavuno huishia kwa nani. Yapo madai matano yanayoizuia kufika hapo. Nitayajibu moja moja.

Dai la kwanza: Menejimenti ilianza na Frederick Taylor

Vitabu vya kiada humwita Taylor baba wa taaluma hii, kwa sababu ya kitabu chake cha 1911 kuhusu usimamizi wa kisayansi. Mfano wake mashuhuri unatoka kiwanda cha Bethlehem Steel, Pennsylvania. Alieleza kwamba mfanyakazi aliyempa jina Schmidt alikuwa akibeba tani 12.5 za chuma ghafi kwa siku, na baada ya kazi kupangwa kisayansi akafikisha tani 47. Ujira wake ulitoka dola 1.15 hadi dola 1.85.

Mwaka 1974 Charles Wrege na Amedeo Perroni walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa kumbukumbu za kazi ile. Walionyesha kwamba simulizi la Taylor lilikuwa limepambwa, na kwamba sehemu zake hazikutokea kama alivyosema. Schmidt mwenyewe alikuwa mtu halisi aliyeitwa Henry Noll. Hata tukizikubali takwimu za Taylor kama zilivyo, kazi iliongezeka karibu mara nne na ujira haukufika hata mara mbili. Swali la mgawo huo lilipaswa kuwa la kwanza darasani. Badala yake mwanafunzi hufundishwa kushangilia tani.

Wala upimaji wa kazi haukumsubiri Taylor. Mwaka 2003 Bill Cooke aliandika makala akiishutumu taaluma hii kwa kuukana utumwa katika historia yake. Mwaka 2018 Caitlin Rosenthal alichapisha kitabu kuhusu hesabu za mashamba ya watumwa ya Marekani na visiwa vya Karibiani. Madaftari hayo yaliandika pamba aliyochuma kila mtumwa kila siku, yakalinganisha mtu na mtu, hata yakakadiria thamani ya binadamu ilivyopanda au kushuka mwaka hadi mwaka. Hayo yalifanyika miongo kadhaa kabla ya Taylor kushika saa yake.

Na huku kwetu je? Msimamizi, nokoa na kadamu walikuwa muundo wa madaraka. Ngwe ilikuwa kipimo cha kazi. Unguja na Pemba, hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa mwaka 1897, lakini haja ya kumdhibiti mfanyakazi haikufa siku hiyo. Kuanzia 1919 na 1920 serikali ya kikoloni Kenya ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi kubeba kipande, yaani cheti cha kazi, kilichotiwa ndani ya kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni. Ndani yake mliandikwa mwajiri na ujira, na bila saini ya mwajiri kwamba amemwachia, mtu hakuwa huru kuhamia kazi nyingine. Hii ni kumbukumbu ya mtumishi, ile ile ambayo leo hukaa katika idara ya rasilimali watu. Taaluma isiyoifundisha historia hii humkabidhi kijana chombo bila kumweleza kiliwahi kumfanyia nini babu yake.

Dai la pili: Kanuni zake ni zile zile popote

Henri Fayol alikuwa mhandisi aliyeongoza kampuni ya migodi Ufaransa. Mwaka 1916 alitoa kanuni 14 za uongozi kutokana na uzoefu wake. Kwa Fayol zilikuwa mazingatio ya mtu aliyefanya kazi mahali fulani. Zilipofika kwetu zikageuka orodha ya kukaririwa.

Mfano wa pili ni Geert Hofstede, aliyejenga nadharia yake ya tamaduni za kazi juu ya hojaji zipatazo 116,000 walizojibu wafanyakazi wa IBM kati ya 1967 na 1973. Afrika Mashariki ilipoingizwa kwenye majedwali yake, Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia zilipewa alama moja kwa pamoja. Mwanafunzi wa Dodoma anayenukuu alama hiyo kama utamaduni wa Mtanzania ananukuu majibu ya wafanyakazi wa kampuni moja ya kompyuta, yaliyochanganywa na ya Addis Ababa na Lusaka. Mkulima wa Rungwe na mvuvi wa Mafia hawakuulizwa kitu.

Mfano mzito zaidi ni wa 1972. Mwaka huo Tanzania ilianza mpango wa Madaraka Mikoani, uliosanifiwa kwa msaada wa McKinsey, kampuni ya Marekani ya ushauri wa menejimenti. Halmashauri zilizochaguliwa na wananchi ziliondolewa, na shughuli zao zikashikwa na wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya pamoja na watumishi wa serikali kuu. Nia ilikuwa kusogeza maamuzi karibu na watu. Kilichosogea ni ofisi. Aliyekuwa na haki ya kumuuliza diwani wake sasa alimsubiri mtumishi aliyeteuliwa kutoka juu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa.

Uamuzi ulikuwa wa serikali yetu, na sababu zake zilikuwa nyingi. Si haki kumbebesha mgeni mzigo wote. Lakini tujifunze. Sheria za 1982 zilifungua njia ya kuvirejesha vyote viwili, serikali za mitaa na ushirika, na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alikiri kwamba kuvivunja ni jambo ambalo asingelirudia. Sijui funzo la menejimenti lililo kubwa kuliko hili katika historia yetu. Lilistahili muhula mzima wa masomo.

Dai la tatu: Ni elimu ya mameneja na kampuni zao

Dai hili linaungwa mkono na majina ya vyuo vyenyewe, kwani neno biashara limebandikwa karibu kila mlango. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mzumbe kulikuwa na shule tangu 1953, iliyofundisha watumishi wa serikali za mitaa. Mwaka 1972 ilizaa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na mwaka 2001 kikawa chuo kikuu. Moshi, Chuo cha Ushirika kilifunguliwa mwaka 1963, kwa ajili ya watu ambao chombo chao cha kazi hakikuwa na bosi mwenye mali.

Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa wametangulia. Walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Maelfu ya wenye vihamba, yaani mashamba yao madogo, walikusanya kahawa, wakaipanga kwa madaraja, wakaiuza soko la dunia na kugawana mapato. Kulikuwa na ugomvi, na kulikuwa na tuhuma za viongozi kujipendelea. Palipo na ugomvi kuhusu mgawo ndipo penye menejimenti ya kusomwa.

Tazama pia upatu. Kila mwezi kijumbe hukusanya michango, na mmoja hupewa fungu zima kwa zamu. Hakuna mkataba wa wakili. Zamu hupangwaje? Anayepokea mapema asipotaka kuendelea kuchangia, hubanwaje? Nani humchagua kijumbe, na nani humwondoa? Mwanasayansi wa siasa Elinor Ostrom alichunguza jinsi watu wa kawaida wanavyolinda malisho, misitu na maji yao kwa kanuni walizotunga wenyewe. Kitabu chake cha 1990 kilisomwa duniani kote, na mwaka 2009 akapewa tuzo ya Nobel ya uchumi. Upatu ungestahili macho kama yake.

Kisha wapo wanaosimamiwa. Mwongozo wa 1971 wa TANU, chama tawala cha wakati huo, uliwakataza viongozi majivuno, dharau na ukandamizaji. Wafanyakazi waliusoma wakauchukua kama ulivyoandikwa. Migomo ilienea viwandani, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walijitwalia kiwanda na kuendelea kuzalisha. Aliyetuandikia uchambuzi unaokumbukwa zaidi wa matukio hayo ni Issa Shivji, mwalimu wa sheria. Katika menejimenti mgomo umebaki kuwa tatizo la kutuliza. Hausomwi kama hoja ya watu wanaoijua kazi yao kuliko anayewaamuru.

Dai la nne: Menejimenti ni zana tu, haina upande

Mwaka 2005 ilichapishwa makala ya Sumantra Ghoshal, profesa wa menejimenti aliyekuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Alisema nadharia mbaya zimeharibu utendaji mzuri. Darasani vijana walifundishwa kwamba kila mtu ni mbinafsi, kwamba meneja hawezi kuaminiwa mpaka afungwe kamba na wanahisa, na kwamba kampuni ipo kwa ajili ya faida yao. Waliohitimu wakaenda kuishi kama walivyofundishwa.

Nyundo haimfundishi seremala tabia. Nadharia kuhusu watu ni jambo jingine, kwa maana wanaosimamiwa hujifunza kufanana nayo. Ukimwekea mwalimu daftari la kusaini kila saa kwa sababu humwamini, mwishoni atakupa saini na si moyo. Anayedai kwamba fani hii haina upande ameshachagua upande, ila hajautaja.

Dai la tano: Uongozi ni kipaji, haufundishiki, vyuo hivi vifungwe

Hapa nageuka kuwajibu walio karibu nami. Martin Parker, aliyefundisha kwa miaka mingi katika shule za biashara za Uingereza, aliandika kitabu mwaka 2018 akitaka zifungwe. Wapo pia wanaosema kiongozi huzaliwa. Malalamiko ya Parker mengi nayakubali, na naye mwenyewe hakutaka pabaki patupu: alipendekeza elimu ya kupanga kazi kwa namna zote. Tatizo langu ni kwa wanaoishia kwenye kufunga.

Utaratibu wa kazi una uzito unaopimika. Nicholas Bloom na wenzake walifanya jaribio katika viwanda 28 vya nguo karibu na Mumbai, mali ya kampuni 17. Baadhi ya viwanda vilipewa washauri wa kuvisaidia katika mambo ya kawaida: kuandika kasoro za kitambaa, kutunza mashine kabla hazijaharibika, kupanga stoo ya nyuzi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013, na viwanda hivyo vilionyesha tija kupanda kwa asilimia 17 katika mwaka wa kwanza. Zahanati inayoishiwa dawa huku nyingine zikioza ghalani haikukosa mtu mwenye kipaji. Imekosa daftari linalosomwa, na hilo hufundishika.

Kinachohitajika ni kufundisha kwa kutazama kwanza. Henry Mintzberg alifanya hivyo katika kitabu chake cha 1973. Aliwafuata wakuu watano wa taasisi, akakuta siku zao zimekatikakatika, zimejaa mazungumzo na wito wa ghafla, mbali na picha ya Fayol ya mtu anayepanga na kuratibu kwa utulivu. Utafiti wa watu watano tu ulitikisa mambo yaliyokaririwa kwa nusu karne. Wanafunzi wetu wangapi wamewahi kutumwa kukaa wiki moja na mwalimu mkuu wa shule ya kata, na nahodha wa dau, na mwenyekiti wa soko la samaki, wakaandika walichokiona?

Wangekiandika kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha inayotumika katika kazi hizo. Zamu, ngwe, kijumbe, nahodha, kibarua, mnyapara: kila neno hapa ni kumbukumbu ya mpango fulani wa kazi, na mengine yana machungu ndani yake. Nchi yenye msamiati huu haina haja ya kuazima mwanzo wa taaluma kutoka Pennsylvania.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoandika mitaala ni dogo. Wiki ya kwanza isianze na Schmidt na chuma chake. Ianze na shamba la karafuu, na mtihani wa kwanza uwe na maswali matatu: ngwe ilipimwa na nani, aliyelima alikuwa na sauti gani katika kuipima, na karafuu zilipouzwa, fedha zilikwenda wapi? Atakayeyajibu vizuri ataweza kuyauliza tena katika kiwanda, hospitali au wizara yoyote atakayopewa kuisimamia.